Siki ya Dokta Palabrica

Kila Ijumaa alasiri Dokta Herminio Palabrica alivaa shati lililopigwa pasi juu na bukta ya kulalia chini, akaketi mbele ya kompyuta kwenye meza ya chakula, akawauliza walimu wa Idara ya Biolojia hali zao. Walimu wakajibu kuwa ni salama. Aliwauliza mmoja mmoja, kwa majina, kama alivyofundishwa katika semina ya uongozi wakati wa janga, na mmoja mmoja wakamjibu kuwa salama tu, Dokta, tunashukuru. Kikao kikishakwisha, alimwandikia mkuu wa kitivo kwamba idara yake imeshikamana. Alilipenda sana neno hilo. Alikuwa akilitumia tangu Machi, mji wa Iloilo ulipofungwa na watu wakaambiwa wakae ndani, na hakuna aliyemuuliza imeshikamana na nini.

Kikao hicho cha kujuliana hali kilikuwa uvumbuzi wake mwenyewe. Idara ya Kemia ilikuwa imeshakiiga, naye akawa hapotezi nafasi ya kukumbusha kilianzia wapi. Haikumsumbua kwamba kilikwisha upesi kuliko muda wa kuchemsha yai. Bwana Tupas, mwalimu wa wadudu, alifuga majogoo nyuma ya nyumba, na jogoo mmoja alikuwa na desturi ya kuwika kila mwenyewe alipofungua kinywa. Dokta Ofelia Jaspe, mkongwe wa idara, alisema kamera yake imeharibika, ingawa vitunguu vilisikika vikikaangwa. Mayvelyn Siblag, mwalimu wa mkataba na mdogo kuliko wote, alikuwapo daima, amechana nywele, anatabasamu, na nyuma yake ukuta wa buluu wa chumba cha kupanga.

Ijumaa ile, baada ya salama zote, Mayvelyn alinyoosha mkono.

"Dokta, nimepata kibali cha kuingia maabara kuanzia Jumatatu, si hii, ile inayofuata. Naomba nije kumchukua mama. Hajambo?"

Mama waliyekuwa wakimsema alikuwa bakteria. Nata, ule mnofu mweupe unaoteleza ambao watu hutia kwenye vitamutamu, hutengenezwa na bakteria juu ya maji ya nazi, na bakteria wa idara ile hawakuwa wa sokoni. Mwalimu aliyemfundisha Palabrica alikuwa amewachagua kizazi baada ya kizazi mpaka wakatoa utando mwembamba na imara ajabu, kisha akafariki na kuuacha mikononi mwa mwanafunzi wake. Mayvelyn aliutumia kutengeneza plasta ya kufunikia vidonda vya moto. Utafiti wake wote ulikuwa juu ya mama huyo na si mwingine, na mwalimu wa mkataba asiyepata shahada ya uzamili kabla ya mwaka wa masomo kwisha, mkataba wake hauongezwi. Vichupa vya akiba vilikuwa vimeoza kwenye jokofu la maabara umeme ulipokatika na jengo halina mtu. Waliobaki ni wale ambao Dokta Palabrica, siku ya kufungwa, aliwabeba mapajani kwa trei mbili hadi nyumbani, akapiga nao picha, akaituma kwenye kundi la idara, akiandika kwamba hamwachi mama nyuma.

"Hajambo kabisa," alisema. "Ananawiri."

Akazima kompyuta, akaenda chini ya ngazi kumtazama, kwa kuwa kusema kweli alikuwa hajamtazama siku nyingi. Trei zilikuwepo, safi, zimejaa udongo, na kwenye udongo kulikuwa na miche ya mboga iliyopangwa kwa mstari ulionyooka vizuri.

*

Mkwewe, Nanay Consing, alikuwa jikoni akichambua choroko. Serikali ilikuwa imewakataza wazee wa umri wake kutoka nje, na kwa kuwa hakuweza kutoka, alikuwa amegeuza nguvu zake zote ndani ya nyumba. Alikuwa ameshahamisha makabati, ameshona mapazia na kuwapa watu wote dawa ya minyoo.

"Nanay," alisema Palabrica. "Vile vitu vyeupe kwenye trei viko wapi?"

"Nata? Si ulikula, Toto. Ukaongeza bakuli la pili."

Nanay Consing alimweleza bila haraka, huku akitupa vijiwe vilivyokuwa ndani ya choroko. Si yeye mwenyewe Toto aliyesema anataka kuwapelekea walimu wake kitu cha kuwafurahisha, wasijione wametupwa? Si yeye aliyesema Nanay atumie chochote kilichomo nyumbani, maana sokoni hakuendeki? Basi siku ile alimfuata, akamuuliza kama atumie na ile nata ya chini ya ngazi, naye, akiwa na vitu vyake masikioni, akaitikia kwa kichwa na kunyanyua dole gumba. Ndipo Nanay akaikata vipande, akaichemsha na sukari, akatengeneza saladi ya matunda na maziwa mazito, na yale maji makali yaliyobaki akayatia pilipili, tangawizi na vitunguu saumu, yakawa sinamak safi, siki ya viungo, chupa moja kwa kila mwalimu.

Palabrica alikumbuka. Alikuwa kwenye semina ya mtandaoni. Mada ilikuwa "Kiongozi Anayesikiliza", na alipata cheti.

Alikumbuka pia sherehe iliyofuata: jinsi alivyompakia mwendesha pikipiki ya mizigo vifurushi vyenye utepe, jinsi alivyoandika kwenye kila kifurushi "Kutoka nyumbani kwetu hadi kwenu", jinsi walimu walivyotuma picha za mabakuli matupu. Idara nzima ilikuwa imemla mama yake, na mkuu wa idara ndiye aliyegawa vijiko.

"Ile ilikuwa mali ya chuo, Nanay. Ilikuwa hai."

"Mbona hukuibandika karatasi?" alisema Nanay Consing. "Mtu anaweka nata nyumbani kwa watu halafu anataka isiliwe."

Lakini kichwa cha mwanasayansi, hata kikiaibika, hakiachi kufanya kazi kabisa, na palepale kilimshika mkono. Nata ilichemshwa, imekufa. Siki haikuchemshwa. Bakteria wale ni ndugu wa bakteria wa siki, na katika maji makali wanaishi vizuri kuliko yeye alivyokuwa akiishi wakati ule. Akauliza kwa haraka chupa ya nyumbani iko wapi. Nanay alimwonyesha dirishani: imeoshwa, imejaa maji, na ndani yake ua la waridi limesimama limependeza.

*

Kilichobaki ni kuwaomba walimu siki yao, na hapo ndipo alipogundua kwamba hawezi kuomba bila kusema kwa nini. Alitafuta njia ya kuzunguka. Alimpigia Bwana Tupas, akaongea naye kwanza juu ya majogoo, akamuuliza habari za familia, ikawa salama, kisha akasema kana kwamba limemjia tu kinywani kwamba mkwewe anataka kujua ile siki waliionaje.

"Aa, Dokta, hiyo usiseme," alijibu Tupas. "Hatujapata kula siki kama ile. Tumeimaliza mpaka tone."

Dokta Ofelia Jaspe alisema vilevile, tena akaongeza kwamba mumewe aliramba mdomo wa chupa. Wawili wengine wakamsifia Nanay Consing kwa zamu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uongozi alitamani kusikia mtu mmoja akimwambia kwamba zawadi yake ilikuwa mbaya. Hakumpigia Mayvelyn, kwa kuwa yule binti angenusa mara moja kilichotokea, na alikuwa bado hajapata namna ya kumtazama hata kwa simu.

Kutoka kwenda sokoni kulihitaji pasi ya ruhusa, na kila nyumba ilipewa moja tu, na pasi ilikuwa na jina la mkewe, Nelda. Alimwomba amwachie aende yeye. Nelda alifundisha shule ya msingi na siku hizo alikuwa akichapa na kubana masomo ya watoto sebuleni, vidole vimejaa wino. Alimuuliza anaenda kununua nini. Palabrica akasema nata. Nelda akacheka mpaka ikabidi aweke chini mashine ya kubania karatasi, kwani mama yake alikuwa ameshamsimulia kila kitu.

"Ya sokoni imechemshwa pia, Minyong. Imetiwa na rangi. Utampelekea msichana wa watu vipande vyekundu na vya kijani?"

"Nitajaribu kuona kama..."

"Utajaribu kumdanganya."

"Nitajaribu kununua muda."

"Mwambie."

"Wiki ijayo nitamwambia. Nikishajua la kumwambia."

"La kumwambia unalijua. Hulipendi tu." Nelda alirudi kwenye karatasi zake. "Na uvae suruali siku hiyo. Habari kama ile haitolewi na mtu aliyevaa bukta."

Alikwenda sokoni hata hivyo, kwa pasi ya mkewe. Polisi wa kizuizini aliisoma, akamtazama juu ya barakoa, akamuuliza kwa adabu kama yeye ndiye Nelda. Watu wa foleni walicheka. Alirudi bila kitu, akaipita miche ya mkwewe, akaona inastawi.

*

Ijumaa iliyofuata alivaa suruali. Choroko zilikuwa jikoni zinachemka pamoja na vipande vya nguruwe, kama nyumba nyingine zote za mtaa ule siku ya Ijumaa, na harufu ilimpa njaa wakati ambapo hakustahili kuwa na njaa. Aliwauliza hali zao. Salama, alisema Tupas, na jogoo akawika. Salama, alisema Dokta Jaspe kutoka kwenye giza lake. Salama tu, Dokta, alisema Mayvelyn, na Jumatatu nitafika kwako asubuhi, sitaingia ndani, unipe tu getini.

"Mayvelyn," alisema Palabrica. Alikuwa ameandaa hotuba yenye utangulizi, na utangulizi ukamtoka kichwani. "Mama hayupo. Tulimla."

Akawaeleza yote, saladi na semina na dole gumba, na alipofika kwenye bakuli lake la pili aliona midomo ya Tupas ikicheza ikijizuia kucheka. Mayvelyn hakucheka. Tabasamu lake lilikuwa palepale, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa.

"Nilikudanganya wiki iliyopita," alisema Palabrica. "Nilisema ananawiri. Zilikuwa mboga. Tumaini pekee lilikuwa ile siki, lakini mlishaimaliza. Nisameheni, na wewe Mayvelyn zaidi ya wote, kwa kuwa sisi tumekula na wewe ndiye uliyeliwa."

Bwana Tupas alikohoa. Jogoo, safari hii, alinyamaza.

"Dokta," alisema Tupas, "kuhusu ile siki. Hatukuimaliza. Niliimwaga."

"Uliimwaga?"

"Ilifanya ngozi juu. Nene, inateleza kama chura. Mke wangu alipiga kelele."

"Na yetu pia," alisema Dokta Jaspe, na kamera yake iliyoharibika ikawaka ghafla, akaonekana ana kanga kichwani na mwiko mkononi. "Nilidhani imeoza. Niliizika chini ya mpapai."

"Sisi ni idara ya biolojia," alisema Palabrica taratibu. "Ngozi inaota juu ya siki, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni ngozi gani?"

"Tulijiuliza, Dokta. Lakini mtu atamwambiaje mkuu wake kwamba siki ya mkwewe imeoza? Ukapiga simu, tukasifia. Ulitaka tuseme nini?"

Palabrica alifunika uso kwa mikono. Aliwaona wote, watu wazima wenye shahada, kila mmoja amesimama peke yake uani kwake, akimwaga chini kizazi cha mwisho cha kazi ya yule mwalimu marehemu, kwa heshima. Naye ndiye aliyewazoesha heshima hiyo, Ijumaa kwa Ijumaa. Alipoondoa mikono usoni, kisanduku cha Mayvelyn kilikuwa na ukuta wa buluu peke yake. Alidhani binti ameinuka na kuondoka, na akaona ana haki.

Kisha Mayvelyn akarudi, akaketi, akainua chupa mbele ya kamera. Ilikuwa ya Nanay Consing, hata utepe ulikuwa bado shingoni na kitambaa mdomoni. Chini kulikuwa na siki ya kina cha kidole, pilipili zimelala, na juu yake utando mweupe, laini, umeziba chupa ukuta kwa ukuta.

"Mimi sikuitupa," alisema.

Tupas alipiga makofi. Dokta Jaspe aliinua mwiko juu, akasema huyo ni mama, mtazameni, huyo ni mama mwenyewe. Watu wote wakasema kwa pamoja, kuhusu kusafisha, kuhusu kumtenga na vijidudu vya vitunguu, kazi ya wiki moja au mbili, na Mayvelyn akasema anaijua, ameshaifanya. Palabrica alihisi machozi yanamjia, akayaacha. Lakini alikuwa akiitazama ile chupa, na swali likamtoka bila hila yoyote, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Wenzako wote waliona ngozi wakaimwaga. Wewe mbona hukuimwaga? Ulimtambua?"

Mayvelyn aliishusha chupa. "Sikumtambua, Dokta. Nilikuwa nauondoa kwa kijiko, unaota tena." Akaiweka chupa mezani. "Nilikuwa naitumia kulia wali."

"Na wali na nini kingine?" aliuliza Dokta Jaspe.

"Na wali."

Palabrica alikisikia kifuniko cha sufuria ya choroko kikigongagonga jikoni kwake.

"Tangu lini?" aliuliza.

Aliyejibu ni Dokta Jaspe. Hakumtazama mtu alipokuwa akisema. "Walimu wa mkataba hulipwa kwa siku walizotia saini ya mahudhurio, Herminio. Nani ametia saini tangu Machi, jengo limefungwa? Na anayepeleka majina yao juu ni wewe."

Alilijua hilo. Hilo ndilo lililomuuma. Halikuwa jambo alilofichwa. Kanuni ile alikuwa akiisimamia miaka mingi, na alidhani tu kwamba huko juu wamepata namna, kwa vile hakuna aliyelalamika. Na katika muda huohuo alikuwa amewatumia picha za mawio zenye maneno ya kutia moyo, cheti cha kusikiliza, na saladi ya bakteria.

"Wewe ulijua," alimwambia Ofelia.

"Nilijua. Kila Ijumaa nilijua, nikasema salama. Kamera yangu nayo haikuwahi kuharibika."

Nyuma ya Palabrica kukasikika kandambili. Nanay Consing, ambaye hakuwahi kuingia kikaoni na hakuwa amealikwa, aliinamisha uso karibu na kompyuta mpaka pua yake ikajaa kwenye skrini za wote.

"Inday," alimwambia Mayvelyn, kama anavyoitwa binti wa nyumbani. "Unakaa mtaa gani?"

*

Alikwenda kwa baiskeli, na pasi ya mkewe, na sufuria ya choroko iliyofungwa kwa kanga ya Nelda kwenye kikapu cha mbele. Polisi alikuwa yuleyule wa juzi. Alimwita Bibi Nelda, akamuuliza amebeba nini, naye akasema chakula cha mwalimu wangu mmoja, na yule polisi akaacha mzaha, akainua kizuizi. Kabla ya kutoka Palabrica alikuwa ameshampigia mhasibu wa chuo nyumbani kwake, akayataja majina ya walimu wa mkataba mmoja baada ya mwingine, akakataa kukata simu hadi aliposikia kalamu ikiandika. Haikuwa fedha bado. Ilikuwa kazi ya muda wa kunywa chai, aliyoweza kuifanya tangu Aprili.

Mayvelyn alitoka getini na barakoa usoni na chupa mkononi, kwa kuwa aliamini Dokta atataka kumwona mama kwa macho yake. Ana kwa ana alikuwa mwembamba kuliko kwenye skrini. Kumbe taa aliipanga vizuri. Palabrica alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mengine mazuri kabisa, aliyoyatunga njiani akipiga pedali. Alimpa sufuria, akapokea chupa ili binti apate mikono.

Alidhani binti ataiingiza sufuria ndani. Lakini alipofungua kanga na mvuke ukapanda, Mayvelyn alikaa palepale kwenye ngazi ya geti, akashusha barakoa kidevuni, akachomoa kijiko alichofungiwa na Nelda, akaanza kula. Alikula haraka, ameinama, bila kupumzika. Palabrica aligeukia ukuta wa jirani, akaukazia macho kana kwamba umeandikwa kitu, akaishika chupa kwa mikono miwili wima isije ikamwagika. Alilia, na barakoa ikamsaidia.

Baada ya muda kijiko kilipunguza mwendo.

"Dokta," alisema Mayvelyn nyuma yake, kinywa kimejaa, "Nanay ametia nini humu?"

"Nguruwe, majani ya pilipili na samaki mkavu," alisema Palabrica, bila kugeuka. "Kula tu, Inday. Safari hii nimeuliza."